Foreman na Foreman

Usiku wa Jumamosi, Machi 22, 2025, tulikuwa tumeshafuturu. Kijiwe chetu cha kahawa kipo Majengo, hatua chache kutoka sokoni, na mwezi wa Ramadhani ndipo kinapojaa hasa: waliofunga na wasiofunga benchi moja, birika halitulii jikoni, kashata zinaisha mapema. Habari ilikuwa moja tu. George Foreman, bingwa wa zamani wa dunia wa masumbwi ya uzito wa juu, alikuwa amefariki jana yake huko Marekani, akiwa na miaka 76.

Tulimsikitikia kama dakika kumi. Baada ya hapo ligi ikaanza.

Kijana wa bodaboda alisema Mike Tyson angemlaza Foreman raundi ya kwanza, na dakika mbili zisingefika. Fundi simu akamtetea marehemu. Mwalimu wa sekondari akamwingiza Lennox Lewis, akasema hao wote wawili Lewis angewaweka mbali kwa mkono wa kushoto mpaka wachoke wenyewe. Mimi nikataja kilo na sentimita, maana ndiyo kawaida yangu.

Mzee wa reli hakuchangia. Tunamwita hivyo kwa sababu alianza kazi stesheni ya Dodoma enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na hajawahi kuacha kuvaa saa ya mkononi. Alikuwa anaivunja kashata yake vipande vidogo vya kulingana, kama mtu anayegawa dawa. Kelele zilipopungua, akauliza:

"Foreman wa Kinshasa na Foreman wa mwaka tisini na nne. Mkiwaingiza ulingoni, nani anampiga mwenzake?"

Alimaanisha yule kijana aliyepigwa na Muhammad Ali kule Kinshasa mwaka 1974, na yuleyule miaka ishirini baadaye, alipomlaza Michael Moorer na kurudisha ubingwa. Hakuna aliyejibu.

Mjukuu wake alikuwa ameshafika kumchukua. Mzee akainuka, akalipa kahawa yake na ya jirani yake, akasema, "Msinijibu leo. Idi ikipita nakwenda zangu Kigwe kulinda uwele, ndege hawana simile mwaka huu. Nikirudi mniambie."

Nilidhani nitakuwa na jibu kabla ya kulala. Lilinichukua wiki kumi na mbili, na hata sasa ninapoandika sina hakika kama ninalo.

Kilo na sentimita

Kazi yangu ni ya hesabu. Nikikaa kwenye mabishano ya masumbwi nafanya kile ninachokifanya ofisini: natafuta namba inayofunga mjadala.

Mtu akimtaja Rocky Marciano na mapambano yake 49 bila kupoteza hata moja, 43 kati ya hayo kwa kumlaza mpinzani (KO), huwa namuuliza alikuwa na kilo ngapi. Alikuwa na kilo 84 au 85 hivi. Leo uzito huo usingemfikisha hata kwenye uzito wa juu, kwa sababu kundi la chini yake linaishia karibu kilo 91. Joe Louis mwenyewe, usiku wa Juni 22, 1938 alipomwangamiza Mjerumani Max Schmeling ndani ya raundi moja, naye alikuwa chini kidogo ya mstari huo huo. Halafu unamweka mbele yao Tyson Fury, mwenye urefu wa sentimita 206, ambaye Mei 2024 alipanda ulingoni na karibu kilo 119. Namuuliza mwenzangu: Marciano anafika wapi hapo? Kidevu hakifikii. Mwili ukimlalia tu raundi nne, miguu imekwisha.

Nimefunga mabishano mengi kwa namna hiyo, na nilikuwa naiamini.

Kweli, usiku ule wa Mei ulikuwa umeshanitia doa. Oleksandr Usyk alikuwa mwepesi kuliko Fury kwa zaidi ya kilo 15, na alimshinda. Desemba wakarudiana, akamshinda tena. Lakini niliuchukulia usiku ule kama kitu cha pembeni, kitu kinachotokea mara moja moja na kuacha kanuni palepale.

Swali la mzee halikuniachia hata hiyo nafasi. Foreman na Foreman wana urefu mmoja, mikono mirefu sawasawa, ngumi zilezile mbili. Tofauti ni namba mbili tu. Kinshasa alikuwa na miaka 25 na kilo kama 100. Las Vegas, Novemba 5, 1994, alikuwa na miaka 45 na kilo kama 113.

Kwa mizani yangu ya kilo, mzee anashinda. Kwa mizani yangu ya umri, kijana anashinda.

Nilikaa na mizani mbili zinazopingana, na hapo nikaanza kuhisi kwamba siku zote nilikuwa nachagua mizani baada ya kumchagua mshindi.

Mwalimu ana njia yake, nayo nikaijaribu: fulani kampiga fulani, aliyempiga fulani. Januari 1973, kule Kingston, Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Frazier huyo ndiye aliyekuwa amempiga Ali mwaka 1971. Machi 1974, kule Caracas, Foreman akammaliza Ken Norton katika raundi ya pili, na Norton ndiye aliyemvunja Ali taya mwaka mmoja kabla. Kwa hesabu hiyo Ali hakuwa na sababu hata ya kupanda ndege kwenda Kinshasa. Alipanda, na sote tunajua kilichotokea raundi ya nane.

Kompyuta imesema

Wiki ya pili kijana wa bodaboda alinitumia video. Mchezo wa kwenye kompyuta: Tyson wa kuchorwa anamwangusha Ali wa kuchorwa raundi ya tatu. Chini yake ameandika, "Kaka, kompyuta imesema."

Nilimpigia, nikamsimulia kisa ambacho kila mpenzi wa masumbwi anapaswa kukijua.

Mwaka 1967 mtayarishaji mmoja wa Miami, Murray Woroner, aliandaa mashindano ya redioni. Aliingiza taarifa za mabingwa wa zama zote kwenye kompyuta, kompyuta ikatoa matokeo, na mtangazaji akayatangaza raundi kwa raundi kana kwamba yuko ukumbini. Katika mashindano hayo Ali alitolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ali alikasirika mpaka akaenda mahakamani kudai kwamba ameharibiwa jina. Wakapatana, na katika mapatano hayo Ali akakubali kuigiza pambano na Rocky Marciano mbele ya kamera.

Wakalipiga picha mwaka 1969. Ali alikuwa na miaka 27, amenyang'anywa mkanda kwa kukataa kuingia jeshini, hana leseni ya kupigana. Marciano alikuwa na miaka 45, amepunguza mwili kwa mazoezi, amevaa nywele za bandia ili afanane na kijana aliyekuwa zamani. Walitupiana ngumi za kupimiana raundi za dakika moja moja, nyingi, wakapiga picha za mwisho wa aina mbalimbali ili mshindi asijulikane. Wiki chache baadaye Marciano akafariki kwenye ajali ya ndege, Agosti 31, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46. Hakuujua mwisho uliochaguliwa.

Filamu ilitoka Januari 1970. Marekani waliona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Uingereza wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali ndiye mshindi.

"Sasa kompyuta ilisema nini?" kijana akaniuliza.

Hilo swali lake ni zuri, na sikulipuuza. Ila mimi nilibaki na picha nyingine kabisa. Marciano, mtu mzima wa miaka 45, anarudi ulingoni kuigiza ujana wake, na ili aaminike inabidi abandikwe nywele. Nikamwona Foreman wa Las Vegas. Yeye hakubandika kitu. Alikuwa amenyoa upara, tumbo lipo wazi, na chini amevaa bukta ileile aliyopigwa nayo Kinshasa miaka ishirini na siku sita nyuma.

Ali wa redioni

Kabla mzee hajaenda shamba nilimkuta mara moja stendi, nikakaa naye mpaka gari lake likajaa.

Nilikuwa na dhana yangu. Nilidhani wazee wanapombishia kijana kuhusu Ali wanatetea ujana wao wenyewe. Mtu alikuwa na miaka 22, damu inachemka, na bingwa wa wakati ule anabaki bingwa wa milele. Dhana hiyo inaelezea mengi, na inampa anayeisema raha ya kujiona amewaelewa watu wote. Mzee aliivunja bila kujua kwamba ninayo.

Akanisimulia asubuhi ya Oktoba 30, 1974. Pambano lilipangwa saa kumi alfajiri ya Kinshasa ili Wamarekani walitazame usiku wao. Saa kumi ya Kinshasa ni saa kumi na mbili asubuhi yetu, kwa hiyo wakati Ali anapigwa kwenye kamba, jua la Dodoma lilikuwa linachomoza na mzee alikuwa stesheni anapanga mizigo. Televisheni hatukuwa nayo huku bara, na tungeisubiri miaka ishirini mingine. Matokeo aliyasikia baadaye, kwenye redio ya mtu, maneno machache: Ali ameshinda, raundi ya nane, Foreman ameanguka.

"Hayo maneno machache nikayafanyia kazi," akasema. "Nilijua Ali anacheza, anazunguka, haguswi. Basi nikampiganisha hivyo hivyo. Raundi ya kwanza anazunguka, ya pili anazunguka, mpaka jamaa kizunguzungu kikamshika. Nikawasimulia watu. Abiria, watoto wangu, watu wa kijijini. Miaka ishirini."

Kisha ikafika siku aliyoliona lenyewe, kwenye banda la video Chang'ombe.

"Nilitaka kutoka nje, mwanangu. Ali hachezi. Ameegemea kamba, anapigwa. Raundi ya pili, ya tatu, ya nne, anapigwa mbavu, anapigwa mikono. Nikasema huyu si yeye."

Nikamuuliza alifanya nini.

"Nikaenda kuwarekebisha. Wale niliowakumbuka, mmoja mmoja. Nikawaambia, lile pambano sikulisema vizuri."

Mtu anayetetea ujana wake hafanyi hivyo. Hatembei kwenda kwa watu akiwa na miaka zaidi ya arobaini kuwaambia kwamba bingwa wake alishinda kwa kupigwa.

Gari likapiga honi. Sikupata nafasi ya kumuuliza kuhusu Foreman, na nadhani hata ningeipata angekataa.

Ali yupi?

Kile kisa cha banda la video kilinipa shida mpya. Yule Ali aliyekuwa akizunguka kichwani mwa mzee hakuwa wa kubuni. Alikuwapo. Ndiye aliyempiga Cleveland Williams mjini Houston, Novemba 1966, akamaliza kazi katika raundi ya tatu karibu bila kuguswa. Aprili 1967 akakataa kuapishwa jeshini, wakamvua ubingwa, na hakupigana mpaka Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu, kuanzia 25 mpaka 28. Aliporudi, miguu haikuwa ileile, na alichokifanya Kinshasa alikifanya kwa sababu miguu haikuwa ileile.

Kwa hiyo ukisema "Ali angempiga Tyson", mwenzako ana haki ya kukuuliza: Ali yupi? Wa Houston au wa Kinshasa? Au yule wa 1969, mwenye miaka 27, ambaye hatukumwona akipigana ila kwenye maigizo na mtu aliyevaa nywele za bandia?

Na kuna Ali mwingine ambaye sisi tunamjua kuliko mataifa mengi. Februari 1980 alikuja Dar es Salaam. Rais Carter alimtuma azunguke Afrika kuziomba nchi zisiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukutana naye. Waandishi walimbana kwa maswali. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, moja kila mtu. Nimelifikiria sana tukio lile wiki hizi. Mtu aliyeiambia serikali yake hapana mwaka 1967, akakubali kupoteza mkanda na miaka yake bora, anashuka uwanja wa ndege miaka 13 baadaye akiwa mjumbe wa serikali hiyohiyo. Ungewakutanisha wale wawili chumba kimoja wangesemezana nini?

Miezi minane baadaye, Oktoba 2, akapanda ulingoni na Larry Holmes. Holmes alikuwa mtu wake wa mazoezi miaka ya nyuma. Alimpiga Ali raundi kumi, na kila aliyelitazama anajua kwamba si pambano la kutazama mara mbili.

Hapo kwenye jina la Holmes ndipo nilipopata kitu. Ilikuwa mwezi wa Mei, usiku, umeme umekatika, nimelala chali gizani.

Holmes alikuwa anamjua Ali.

Anayemjua mwenzake

Nilianza kuhesabu upya, safari hii bila kilo.

Mwaka 1936 Joe Louis alikuwa hajawahi kupoteza, na Schmeling alionekana amekwisha. Schmeling akakaa na filamu za Louis, akazirudia, kisha akawaambia waandishi kwamba ameona kitu. Alichokiona ni kidogo sana: Louis akishapiga ngumi ya kushoto iliyonyooka, mkono ule unarudi chini badala ya kurudi usoni. Schmeling akapitisha mkono wa kulia juu ya nafasi hiyo mpaka raundi ya 12, Louis akalala. Miaka miwili baadaye Louis alikuwa anaijua nafasi ile, na Schmeling hakumaliza raundi.

Tyson naye. Kijana wa bodaboda anampenda kwa ule ukali wake, kama vile alitoka tumboni hivyo. Lakini Tyson alilelewa Catskill, jimbo la New York, na kocha wake Cus D'Amato, na akiwa bado mvulana alikuwa akikaa usiku na filamu za mapambano ya zamani, kutoka maktaba kubwa ya Jim Jacobs. Alikuwa anaingia ulingoni na bukta nyeusi, bila joho, bila soksi, kama watu wa zamani aliowatazama. Ukimpiganisha Tyson na Jack Dempsey, bingwa wa miaka ya 1920, umempiganisha mtu na mwanafunzi wake. Mwanafunzi amemtazama mwalimu mara mia. Mwalimu hajui kama mwanafunzi huyo atazaliwa.

Nikaona kwamba kila pambano la zama mbili lina upendeleo ambao hatuutaji. Aliyekuja baadaye amemwona aliyetangulia. Usyk anaweza kumtazama Louis leo jioni kwenye simu. Louis hawezi kumtazama Usyk. Ukitaka haki, umfutie Usyk kumbukumbu, ila ukimfutia mabingwa wote waliomtangulia unabaki na Usyk gani? Au umwonyeshe Louis filamu. Lakini Louis aliyetazama miaka themanini ya masumbwi si Louis wa 1938 tena.

Na Foreman na Foreman ndiyo mfano uliokamilika. Wa 1994 anamjua wa 1974 kuliko mtu yeyote duniani. Anajua hasira yake. Anajua kwamba amepigana mara 40, ameshinda zote, 37 kwa KO, na kwa hiyo hajawahi kujifunza kupumua. Anajua atachoka, na anajua raundi gani.

Wa 1974 hamjui wa 1994 kabisa. Hawezi hata kuamini kwamba atakuwapo.

Siku ile sikulala tena. Nililipiga pambano lote.

Kijana anakuja mbio, anarusha mikono mipana kutoka mabegani. Mzee anakunja mikono yote miwili mbele ya uso, ule mkunjo wa kizamani wa bondia Archie Moore, anapokea mabegani na viwikoni. Raundi ya pili mbaya, ya tatu mbaya zaidi. Mapumziko kijana anakaa. Mzee anabaki amesimama kwenye kona yake, kama alivyozoea kufanya aliporudi ulingoni, naye anamwangalia. Kwenye kona ya kijana yupo Moore mwenyewe na kocha wake Dick Sadler. Kwenye kona ya mzee yupo Angelo Dundee, na hili si la kubuni: Dundee, kocha wa Ali Kinshasa, ndiye aliyekuwa kwenye kona ya Foreman usiku wa Moorer. Kwa hiyo hata kona ya mzee imeshamwona kijana akianguka. Raundi ya tano ngumi za kijana zinaanza kuchelewa. Ya sita anaegemea. Ya saba mzee anamtangulizia kushoto, kisha kulia fupi ya kidevuni, ngumi mbili zilezile zilizomlaza Moorer raundi ya kumi wakati majaji wote watatu wamempa Moorer pointi zaidi.

Foreman wa 1994, raundi ya saba. Niliandika kwenye daftari, nikaweka tarehe.

Raundi ya kumi na tatu

Furaha ilidumu siku tatu.

Nilikuwa namwandikia mwalimu maelezo marefu, kwamba aliyekuja baadaye siku zote anajua zaidi, nikakwama kwenye raundi ya 13. Ile ya kwenye filamu ya kompyuta. Marciano alimpokonya Jersey Joe Walcott ubingwa Septemba 1952 katika raundi hiyohiyo ya 13, akiwa nyuma kwa pointi. Leo raundi hiyo haipo. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alifariki baada ya pambano lake na Ray Mancini, na kutoka hapo mapambano ya ubingwa yakaanza kushushwa kutoka raundi 15 hadi 12. Ilikuwa sahihi kushusha, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Lakini maana yake ni kwamba mabondia wa leo, Fury, Usyk, Anthony Joshua, wote hawajawahi kufika kule. Hawajui mwili wao unakuwaje raundi ya 14. Marciano alijua. Ali na Frazier walijua Manila mwaka 1975, walipopigana raundi 14, na kilichowapata tunakijua. Jack Johnson alipigana na Jess Willard kwenye jua la Havana mwaka 1915, pambano lililopangwa raundi 45, akaanguka ya 26. Hakuna filamu inayoweza kumfundisha mtu raundi ya 26.

Kwa hiyo ujuzi haukui tu. Unapotea pia, tena unapotea wakati sheria zinakuwa bora. Ukimwita Usyk kwa Marciano kwa sheria za 1952, raundi 15, nani kati yao anamjua mwenzake?

Nililirudia daftari langu. Jibu la Foreman na Foreman niliona bado linasimama, maana wa 1994 ameishi yote ya wa 1974. Hakuna raundi aliyoifika kijana ambayo mzee hajaifika. Nilijiambia hivyo, na kwa kiasi kikubwa niliridhika. Kitu kidogo kilikuwa kinanikwaruza, sikukijua jina.

Juni

Mzee alirudi katikati ya Juni, upepo umeshaanza na vumbi limejaa kwenye sahani za kashata. Alileta karanga mbichi kwenye mfuko wa unga, akampa muuza kahawa azigawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi! Niambieni, mmewapiganisha?"

Nilimweleza yote. Nilianzia kwenye mizani zangu mbili zilivyogombana, nikaja kwa Schmeling na filamu, kwa Holmes, kwa Tyson wa Catskill. Nikampa pambano raundi kwa raundi, na Dundee kwenye kona. Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Hata kijana wa bodaboda aliweka simu mfukoni.

Mzee alisikiliza huku anamenya karanga. Nilipofika raundi ya saba akaniacha nimalize, kushoto, kulia, chini.

"Umefanya kazi," akasema. "Kwamba anamjua, ni kweli. Sasa niambie, huyo mkubwa wako amewahi kupigwa na Foreman?"

"Hapana, mzee. Yeye ndiye Foreman."

"Ndiyo hivyo. Frazier anaijua ile ngumi. Norton anaijua. Ali anaijua mbavuni mwake. Moorer anaijua. Yeye ndiye mtu pekee katika hao wote asiyeijua."

Muuza kahawa alikuwa amesimama na birika mkononi bila kumimina.

"Unasema anapokea mabegani mpaka raundi ya tano," mzee akaendelea, pole pole. "Anapokea nini? Anajua kijana anachoka raundi gani. Ngumi yenyewe ina uzito gani, ataambiwa na nani? Amewatuma watu chini miaka yote hiyo, hajawahi kwenda nao."

Kijana wa bodaboda akaitoa simu yake tena, akasema kwa vyovyote Tyson angewapiga wote wawili, na fundi simu akamrukia. Mwalimu akataka kujua kama raundi ni 12 au 15. Mzee akanisogezea karanga.

Nililifungua daftari, nikaikata ile raundi ya saba kwa mstari mmoja, nikarudi raundi ya kwanza.